Waliokuja Kumlilia Kapteni

Kahororo, Bukoba
4 Agosti 2024

Mpendwa Dada Benigna,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Mama. Sisi huku hatujambo, tunakula vumbi la Agosti tukingoja mvua. Wifi yako Annastella amepona jino lake na sasa anasema maneno yote aliyoyaweka akiba wakati shavu limevimba. Anakusalimu sana. Mzee Suryakant naye anakusalimu, anauliza kama bado unapika ile kahawa nyeusi ya kuamsha wafu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako bado imelala kabatini. Sikulaumu. Habari ya mtumbwi wa Kaka kuzama ilikuja kwa simu, na mpigaji nilikuwa mimi, kwa hiyo naelewa kwa nini hutaki kuisikia ikilia. Ila ujue umetupa kazi wenzio. Mwandiko wangu umeharibika, na Burhani kondakta, anayenibebea barua hizi hadi kwenye duka la Adventina, siku hizi anajiona posta nzima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Sehemu ya nne imetoka.

Najua wewe si mtu wa muvi, acha nikueleze kama ninavyomweleza mgeni. Merikebu ya Anga ni hadithi ya watu ambao dunia yao imeungua, wanazunguka katikati ya nyota wakitafuta nyingine ya kuishi. Huko ilikotengenezwa watu hao wana majina ya kuvunja ulimi. Kaka Kagaruki alipowaingizia Kiswahili, katika stoo ya nyuma ya duka la Mzee Suryakant, aliwabatiza upya wote. Nahodha akawa Kapteni Rwiza. Rubani akawa Koku. Kile kiroboti kifupi akakiita Kashaija. Sauti zote alizitoa peke yake, hata ya Koku ambaye ni mwanamke, na mimi nilikuwa nabonyeza kompyuta nikijizuia kucheka. Ndiyo maana kutoka Bukoba hadi Muleba hakuna anayejua Kapteni mwenyewe ana sauti gani. Kwa watu wa hapa, sauti ya Kapteni ni ya Kagaruki.

Mwisho wa sehemu ya tatu Kapteni anaingia peke yake katika chombo kidogo, anakwenda kufunga lango la giza ili wenzake wapate kukimbia. Kwenye redio anawaambia: "Nisubirini. Hata njia ikiwa ndefu, nitarudi." Kisha picha inakatika. Dada, watu wamesubiri miaka mitano. Hapa mjini bodaboda wameandika kwenye madigadi "KAPTENI YUKO NJIANI". Kinyozi Kaijage, ambaye kila mteja wake lazima asikilize maoni yake kuhusu Kapteni, ameweka picha yake juu ya kioo, mahali ambapo wengine huweka Mama Bikira Maria.

Wenye vibanda vya video wananitaka mimi niitafsiri hii ya nne. Sauti yangu inakaribiana na yake, wanasema. Sijakubali. Naomba umuulize Mama kama anaruhusu. Na wewe, Dada, hali yako ikoje hasa? Barua zako zinanipa habari za migomba tu.

Ni mimi mdogo wako,
Karugendo


Kishanda, Muleba
29 Agosti 2024

Kwa Karugendo mdogo wangu,

Milele amina. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, analala vizuri. Mbuzi mmoja amezaa. Mwambie Annastella pole ya jino na pole ya kukaa kimya. Kahawa ya Mzee Suryakant ipo, aje ainywe.

Barua yako ilikaa dukani kwa Adventina siku nyingi. Hakuniletea habari, nami sikwenda kuuliza. Tangu tulipokosekana kwenye mazishi ya mumewe ananiuzia chumvi huku anatazama barabarani. Hana kosa. Alipofiwa, sisi tulio majirani zake hatukuonekana. Wewe unajua sababu, lakini sababu haimwingii mtu akiwa na maiti ndani.

Mama bado haendi msibani kwa mtu. Anasema hajui kama nyumbani kwake kuna msiba au hakuna, na mtu asiyejua hilo hawezi kwenda kulia kwa wenzake. Nami namfuata. Mwezi wa Juni wazee wa ukoo walikuja tena na lile shauri lao, kwamba aliyemezwa na ziwa huzikiwa mgomba badala ya mwili, kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, asomewe misa, watu wapate kupumua. Mama aliwapa kahawa ya kutafuna, akawasikiliza hadi mwisho, akawaaga. Wameondoka wamekunja uso. Na chama cha kuzikana kimetufuta sasa. Asiyezika hazikwi, ndivyo walivyosema. Siku Mama akifa, Karugendo, tutambeba mimi na wewe.

Kile kipande cha kibanja alichopewa yule kaka yako hakiguswi. Mikungu inaiva mgombani, inaoza, ndege wanakula. Mama hataki ikatwe na mtu mwingine. Ukipita upande ule unasikia harufu ya pombe ambayo hakuna aliyeipika.

Umeuliza hali yangu. Sisikii kitu. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa, naona ni wangu lakini hauna habari na mimi. Nilidhani nitalia wiki ile ya kwanza, halafu nikadhani mwezi ule, halafu nikaacha kudhani. Nalima, napika, nasali. Usinihurumie, haiumi.

Kuhusu hiyo muvi, Mama sijamuuliza. Wewe umesahau, lakini muvi aliyowahi kuona maishani ni hiyo moja tu, sehemu ya tatu. Yule alikuja nayo mwenyewe hapa senta, akamkalisha benchi la mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Mama hakuelewa mambo ya nyota. Alishika yale maneno tu ya "nisubirini". Akiwa anapepeta maharage huwa anayasema, polepole, kama mtu anayesali. Kwa hiyo nijibu kwanza hili: huyo Kapteni wenu anarudi au harudi?

Dada yako,
Benigna


Kahororo, Bukoba
15 Septemba 2024

Mpendwa Dada Benigna,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hongera kwa mbuzi. Huku mvua zimeanza, na paa la stoo linavuja pale pale lilipokuwa likivuja zamani. Mzee Suryakant ameweka sufuria chini, anasema miaka arobaini ya biashara Bukoba imemfundisha kwamba sufuria ni nafuu kuliko fundi. Kwa chama cha kuzikana nimeumia sana. Nitakuja tuongee nao.

Umeuliza anarudi au harudi. Ngoja kwanza nikusimulie ya huku.

Muvi ya Kizungu iliwahi kufika kwa wanafunzi wa chuo, wakaitazama kwenye simu zao, na wao ndio waliomwaga sumu mjini. Siku ile ile kwenye saluni ya Kaijage kulikuwa na vita. Kundi moja linasema watengenezaji wamechoka, wamewauza mashabiki. Kundi lingine linasema hii ndiyo nzuri kuliko zote, ila wabishi hawana akili ya kuielewa. Kaijage amemnyoa mteja upande mmoja akasimamisha kazi kubishana, mteja akaenda kumalizia kwa kinyozi mwingine. Kijiweni kwa bodaboda kuna jamaa amefuta maneno kwenye madigadi yake kwa petroli. Mwingine amesema huyo aliyefuta hakuwahi kuwa shabiki, alikuwa abiria. Ndugu wawili wa mtaa wa Kashai hawasalimiani. Nilicheka, Dada, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu wote wanaishia mlangoni kwangu.

Basi ni hivi. Harudi. Wenzake wanazunguka nusu ya muvi wakimtafuta, wanaokota glavu yake moja inaelea. Koku anaivaa. Halafu wanakusanyika kwenye sitaha, wanamuaga, wanaitupa ile glavu kwenye nyota, na maisha yanaendelea. Hakuna maiti, hakuna mashairi, hakuna anayefufuka. Hicho ndicho kilichowachoma watu. Wangemuua mbele ya macho yao wangesamehe.

Sasa wenye vibanda wamenijia na akili yao. Kwenye picha za mwisho kabisa anapita mtu amevaa kofia ya chuma, hasemi neno, uso hauonekani. Kwa Kizungu ni mlinzi tu wa lango. Wanasema: "Karugendo, huyo mpe sauti. Mwambie aseme, 'Nimerudi.' Nani atajua?" Na ni kweli, hakuna atakayejua. Nikitia neno hilo moja tu kwenye maikrofoni, Kapteni amerudi, na mji mzima utalala vizuri.

Nimekaa nayo siku nyingi. Kuna jambo jingine ndani ya hiyo kazi, la nyuma, linalomhusu Kaka, lakini silitaki kwenye karatasi. Usimwambie Mama lolote kwanza.

Karugendo


Kishanda, Muleba
28 Septemba 2024

Karugendo,

Tumsifu Yesu Kristo. Tupo.

Umechelewa kuniambia nisimwambie. Habari imemfikia gulioni. Waendesha bodaboda wa Muleba walikuwa wanapiga kelele kwamba Kapteni amekufa, Kapteni hajafa, na Mama alikuwa amekaa hapo na ndizi zake. Alirudi nyumbani, akapepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa.

Jana asubuhi akaniuliza: "Karugendo si anajua Kizungu?" Nikasema anajua. Akasema: "Basi mwandikie. Muulize yule mtu alisemaje kwa lugha yake mwenyewe, siku ile anaondoka."

Sijui kwa nini anataka kujua hilo. Namaliza kwa kukwambia kwamba hilo jambo lako usilolitaka kwenye karatasi naliona hata kutoka huku. Liandike.

Benigna


Kahororo, Bukoba
13 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Benigna,

Milele amina. Tu wazima. Annastella amekufumia kitambaa cha meza, kipo kwenye mfuko huu kama Burhani hajakifutia kioo cha basi.

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Kapteni kwa lugha yake mwenyewe alisema: "Msinisubiri."

Basi. Ni hilo tu. Hakuna "nitarudi", hakuna "hata njia ikiwa ndefu". Hayo yote ni ya Kaka. Mimi sikuwa nimeligundua kwa sababu siku ile ya kurekodi nilikuwa nimekwenda kununua mafuta ya jenereta, na baadaye nani hurudi kusikiliza Kizungu? Nimeligundua sasa, kwa kuwa hii ya nne inaanzia pale pale. Koku anasema: "Alituambia tusimsubiri, na sisi tukasubiri." Muvi nzima inakaa juu ya sentensi hiyo.

Nilimuuliza Mzee Suryakant, maana yeye alikuwepo, hukaa na kiti chake mlangoni pa stoo akinywa chai. Anakumbuka vizuri. Anasema Kagaruki aliitafsiri sawasawa mara ya kwanza: "Msinisubiri." Akasimamisha kila kitu. Akavua zile spika za masikioni, akasema: "Mzee, siwezi kuwapelekea watu wetu kitu hiki. Mtu wa kwetu hata akijua anakwenda kufa, akiaga husema atarudi, na wewe unayebaki unasema utamsubiri. Si ahadi. Ni adabu. Ukimwambia Mama yako 'usinisubiri' umemtukana." Akavaa spika, akarekodi yale tunayoyajua. Mzee Suryakant anasema hata kwao Wahindi ni hivyo hivyo, mtu hasemi "nakwenda", husema "nakuja".

Kwa hiyo kosa si la kutojua. Alijua. Lakini vijana wa mjini hawakulisikia kama adabu, walilisikia kama ahadi. Na Mama sijui alilisikia vipi.

Sikumpa sauti yule mtu wa kofia. Nilikaa mbele ya maikrofoni, nikafungua mdomo, na nikasikia kabisa sauti ya Kaka inataka kutoka kooni mwangu. Nikazima. Nimeitafsiri muvi kama ilivyo, na sentensi ya Koku nimeisema ilivyo.

Tumeionyesha Jumapili iliyopita mchana katika kile kibanda kikubwa karibu na soko. Watu walijaa hadi madirishani. Koku aliposema "alituambia tusimsubiri", walipiga kelele: "Muongo! Alisema tumsubiri! DJ mbovu!" Mtu akavunja mguu wa benchi. Nilijua leo napigwa. Halafu ikafika ile ya glavu. Kelele zikaisha taratibu. Kaijage akasema kwa sauti, si ya kubishana tena: "Kumbe siku ile alikuwa anatuaga." Na mzee mmoja nyuma akaanza kulia, kilio kile cha matanga, Dada, kile chenyewe. Wakamfuata. Kibanda kizima. Taa zilipowashwa hakuna aliyekuwa na haya.

Kesho yake walikuja stoo. Nilishika kufuli nikidhani ni fujo. Kumbe wamebeba mkungu wa ndizi na sukari. Wamekuja kutoa pole. Kaijage akasema: "Tumeishi na sauti ya mtu huyu miaka yote. Amekufa ziwani akiwapelekea wavuvi wa kisiwa cha Goziba muvi, na hatujawahi kukaa msiba wake." Nikamwambia Kapteni si Kagaruki, Kapteni ni Mzungu analipwa huko aliko na bado yu hai. Aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama.

Wakauliza nyumbani ni wapi. Nimewaambia Kishanda. Najua sikupaswa, lakini walikuwa wananiuliza kwa heshima, na mimi sikuwa na nguvu. Wanasema watakuja Jumamosi hii ya tarehe 19. Mwandae Mama, au niambie niwazuie. Kama barua hii itawahi.

Nami nitakuja nao.

Karugendo


Kishanda, Muleba
2 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Karugendo,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini ulifika salama na mafua uliyoondoka nayo yameisha. Sisi hatujambo. Kitambaa cha Annastella kimefika kikiwa kisafi, mwambie Burhani tumemsamehe. Senene wameanza kuanguka, nitawatumia mfuko.

Barua yako ya tarehe 13 nimeipata juzi tu. Adventina ameileta mwenyewe hadi mlangoni. Kwa hiyo siku ile mlipokuja sikujua lolote, na wewe ulifika nyuma, baada ya pikipiki yako kuharibika Kamachumu, na ya mwanzo hukuyaona. Mtu akija kukusimulia vingine, usimsikilize.

Nilikuwa napalilia. Nikasikia pikipiki nyingi, nikadhani ni harusi imepotea njia. Wakaingia uani wakiwa wamejifunga kitambaa cheusi mikononi, na Mzee Suryakant kwenye pikapu, amekaa na mikungu ya ndizi na dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi, ameshika kifurushi cha nguo mapajani. Mama alikuwa kwenye mkeka. Aliponiangalia niliona anachofikiri. Alifikiri mwanawe amepatikana.

Kaijage alipiga magoti. Mtu mzima, na nywele zake zimechongwa vile. Akasema: "Mama, tumekuja kumlilia Kapteni."

Mimi nilikasirika. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu mwaka juzi, hasira. Nilitaka kuwaambia wamekosea nyumba, kwamba hapa hakuna Kapteni, kwamba wakalie muvi zao huko mjini. Nilishafungua mdomo. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akasema: "Benigna, leta mikeka." Nikaleta. Akasema: "Leta kahawa." Nikaleta kahawa ya kutafuna, wakapokea kila mtu kwa mikono miwili.

Halafu akawauliza: "Kwenu alikuwa nani?"

Wakamwambia. Mmoja akasema alijifunza kusubiri abiria mvuani kwa kumsikiliza Kapteni. Mmoja akasema alikuwa mgonjwa kitandani, mkewe akamwekea sehemu ya pili kila siku hadi akainuka. Mzee Suryakant akasema alikuwa mpangaji mbaya, alichelewesha kila kitu, na stoo haina maana bila yeye. Walikuwa wanasema Kapteni, Kagaruki, Kapteni, hawachagui, na Mama hakuwasahihisha. Kisha wakaanza kulia. Wanaume wazima, Karugendo, wanalia kwa ajili ya mtu wa kwenye picha, uani kwetu. Nilisimama na sinia mkononi kama mtumishi wa hoteli. Sikuwa na chozi hata moja.

Kaijage alipojipangusa akauliza, kwa adabu kabisa, kaburi liko wapi, wapate kutupa udongo kabla ya kuondoka.

Mama alitazama mikono yake. Nilijua atawaaga kama alivyowaaga wazee. Badala yake akanyanyuka, bila kushikwa, akaenda upande wa yule, upande wa Kagaruki. Sisi tukamfuata. Akasimama mbele ya mgomba wenye mkungu uliooza, akauwekea kiganja. "Huu," akasema. "Watu hawawezi kutoka mjini kuja kulia, wakakosa pa kuelekea."

Ndipo wewe ulipofika, ukaukuta mgomba umekwisha kukatwa na vijana wa bodaboda wanachimba. Yaliyofuata umeyaona. Umeona Mzee Suryakant akifungua kifurushi, kumbe ni jora la bafta nyeupe ya sanda. Umeona Adventina akija mbio na jembe lake, na nyuma yake majirani ambao hawajakanyaga kwetu miaka miwili, kwa sababu hakuna anayesikia kilio akabaki kwake. Na umemsikia Mama alipotupa udongo wake. Alisema: "Haya nenda. Tutakusubiri." Niliona umegeuka ukadhani hajakubali. Sasa nimesoma barua yako na nimeelewa. Alikuwa anamwitikia. Kwa adabu ile ile.

Lakini kuna jambo hukulisikia kwa sababu mlikwisha kuondoka. Tulikuwa tunaosha vikombe. Nikamuuliza: "Mama, wazee wamekuja mara ngapi na shauri hili hili ukawakatalia. Kwa nini hawa?"

Akasema: "Wale walikuja na majembe. Hakuna aliyekuja na machozi."

Akaendelea kusuuza. Akasema: "Nilijua tangu siku ile ya simu kwamba mwanangu amekufa. Sikuwa nikimsubiri yeye. Nilikuwa nakusubiri wewe ulie, nami nipate kulia. Ningeanzaje peke yangu, na wewe umesimama hapo mkavu? Niliogopa nikilia utavunjika."

Karugendo, nami nilikuwa nimejizuia nisije nikamvunja yeye. Nilijizuia mpaka kitu kikafa ganzi, nikasahau kwamba nimekishika. Miaka miwili tumekaa nyumba moja tukilindana hivyo, na migomba inaoza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni huyo atakuwa kinyozi anayemlilia nahodha wa nyota.

Nikuambie na hili, kisha nifunge. Ule utomvu wa mgomba ulinirukia kwenye gauni wakati wanaukata. Wewe mtoto wa Kihaya unajua hautoki. Jumatatu nililiweka kwenye beseni nikalisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, na doa likawa linazidi kuwa jeusi, na mahali fulani hapo katikati nikaanza kulia. Si kilio kizuri. Kilitoka na kamasi na kelele, mbuzi wakakimbia. Mama alikuwa ndani. Hakutoka kunishika. Nilimsikia tu naye ameanza, kwa sauti ya chini, upande wa pili wa ukuta. Tulipomaliza wote wawili akasema kwa ndani, "Kasinge," kama tunavyompongeza mtu aliyerudi kutoka kazi nzito.

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Padri amesoma jina la Kagaruki pamoja na mengine, na Mama alikuwepo kulisikia. Kesho tunakwenda kwa Adventina kukaa naye, tumechelewa lakini anatupikia. Mikungu ya upande ule nimeanza kuikata. Mmoja nimempa Burhani akuletee, uule mapema, usiuache uoze.

Simu nimeitoa kabatini nimeiweka chaji. Ila usipige kwanza, bado nikiisikia nitashtuka. Anza kwa kuandika.

Dada yako,
Benigna